Mita 60 za Ufipa

Sheria imevizungushia vyanzo vya maji vya Rukwa uzio usioonekana kwa macho. Wanaoweza kuufanya uonekane ni wanavijiji wenyewe, na gharama yake haifai kuachiwa mtu mmoja.

Juni hupambazuka kwa baridi Sumbawanga. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa kiangazi unaovuka nyanda za Ufipa haukutani na miti mingi ya kuuvunja makali. Toka mjini alfajiri ushike njia ya kijijini, utakuta akina mama na watoto wamekutangulia, vitenge vimefungwa hadi masikioni, ndoo vichwani. Wengine wanakwenda kwenye chemchemi, wengine wameshachota na wanarudi.

Ifuate njia hiyo mpaka inapoishia. Chemchemi nyingi za Ufipa hutokea kwenye vibonde vilivyojificha kati ya vilima, mahali ambapo udongo hubaki na unyevu hata Septemba. Unyevu huo ndio unaowavuta watu. Mabua ya mahindi ya msimu uliopita yamefika hatua chache kutoka kwenye maji. Pembeni kuna matuta ya mboga, upande wa pili kwato za ng'ombe zimevuruga tope, na juu kidogo imepandwa mikaratusi iliyonyooka, yenye kiu isiyoisha. Katikati ya vyote hivyo mtoto anainama na kata yake, anasubiri maji yatulie ndipo achote.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa, kingo za mto au bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inalinda vyanzo vya maji kwa kipimo hichohicho. Vijijini namba hiyo inajulikana, hata kwa asiyewahi kushika kitabu cha sheria. Mwenyekiti wa kitongoji ataitaja, na mtoto wa darasa la sita pia. Shida imebaki kwenye shamba, ambako mita hizo 60 mara nyingi hazionekani.

Maji yaleyale, juu na chini

Atakaye kuelewa uzito wa mita hizo na asafiri siku moja kutoka juu hadi chini. Ufipa ni uwanda ulioinuliwa kati ya maziwa mawili: Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Ukifika ukingoni mashariki, kwenye milima ya Lyambalyamfipa, nchi inakatika ghafla. Barabara inashuka kwa kona kali, masikio yanaziba, na makoti yanavuliwa. Chini kuna joto, mpunga, ng'ombe na wavuvi. Kuna Muze, Mtowisa, Ilemba. Uso wa Ziwa Rukwa uko takriban mita 800 tu juu ya usawa wa bahari, yaani kilometa nzima chini ya mji wa Sumbawanga.

Ziwa hilo halina mto unaotoka. Chochote kinachoingia hubaki humo: udongo, mbolea, sumu ya mashambani, taka za mjini. Tena ni ziwa la kina kifupi, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likipanuka na kusinyaa kwa kufuata mvua. Ziwa lenye kina linaweza kumeza tope kwa muda mrefu bila watu kuona mabadiliko. Rukwa haliwezi, kwa maana kila kipande cha udongo kinachong'olewa juu ya uwanda kinalipunguzia kina chake kidogo.

Kwa hiyo mkulima wa juu na mvuvi wa chini, ambao huenda hawatakutana maisha yao yote, wanatumia maji mamoja. Wa juu akilima hadi ukingoni, wa chini anavua kwenye tope. Lakini madhara hayasubiri kufika ziwani. Yanaanzia palepale juu, kwenye ndoo ya aliyelima na kwenye ndoo ya jirani yake.

Kilichomo ndani ya ndoo

Kati ya Agosti 2015 na mwaka 2018 Tanzania ilipita kwenye mlipuko mrefu wa kipindupindu. Zaidi ya watu 30,000 waliugua na zaidi ya 500 wakapoteza maisha. Vijiji vya bonde la Ziwa Rukwa vilikuwa miongoni mwa vilivyoguswa. Vimelea vya ugonjwa huu hustahimili maji yenye magadi, na maji ya Rukwa ni ya magadi. Kambi ya wavuvi isiyo na vyoo, kwenye ufukwe unaofurika masika, ina kila kinachohitajika ili mgonjwa mmoja awe kumi.

Jina la Sumbawanga, kwa Kifipa, humwambia mtu atupe uchawi. Tulichukue neno hilo kwa uzito wake tunapozungumzia magonjwa ya tumbo. Kuhara hakuna mkono wa mtu usiku. Kuna njia, na njia hiyo inaweza kutembelewa mchana kweupe, kutoka kwenye choo kilichojaa au kichaka cha kujisaidia hadi kwenye kijito, kutoka kwenye kijito hadi kwenye ndoo, na kutoka kwenye ndoo hadi mdomoni mwa mtoto. Ukiikata mahali popote, umeokoa maisha.

Wataalamu wa afya hutuambia tuchemshe maji, na wana haki. Lakini kuchemsha kunataka kuni, nazo juu ya uwanda wa Ufipa ni bidhaa adimu. Mama anayetembea nusu siku kutafuta mzigo mmoja ataupikia ugali na maharage kwanza. Kitakachobaki, kama kitabaki, ndicho cha kuchemshia maji ya kunywa. Hapo ndipo msitu uliokatwa unapogeuka kuwa ugonjwa, hata kama kwenye daftari la zahanati hakuna safu ya kuandika kwamba mtoto huyu ameugua kwa kukosa mti. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, ni habari njema. Ila kwa kaya iliyo mbali na barabara, jiko banifu la udongo na shamba dogo la miti ya kuni bado ni kinga iliyo karibu zaidi na mkono.

Halafu kuna sumu. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi waliingia kwenye mahindi ya Tanzania, na Rukwa ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo kuwaona. Mkulima aliyeona mahindi yake yanaliwa usiku mmoja hakuwa na muda wa kusoma maandishi madogo kwenye chupa. Alinunua dawa, akapulizia. Bomba la kupulizia likahitaji maji ya kuchanganyia, na baadaye maji ya kulisuuza. Maji yako wapi? Kwenye chemchemi ileile. Ndiyo maana mita 60 haziwekwi kwa ajili ya jembe peke yake. Zinaiweka chupa ya dawa mbali na kata ya mtoto.

Wazee waliujua udongo

Kuna dhana kwamba uhifadhi ni elimu iliyoletwa na magari ya miradi. Historia ya Ufipa inaikataa dhana hiyo.

Kabla ya mahindi kutawala, Wafipa walilima kwa intumba. Mvua zinapokaribia ukingoni, majani hulimwa na kupinduliwa, yakakusanywa kuwa matuta ya duara, kisha yakafunikwa kwa udongo. Ndani ya tuta majani huoza na kuwa mboji. Juu hupandwa maharage, viazi au maboga. Msimu unaofuata matuta husambazwa, na ulezi hupandwa kwenye ardhi iliyokwisha kulishwa. Maji ya mvua hayakupata mfereji wa kukimbilia, yalizunguka kati ya matuta na kuzama. Kwa namna hiyo mkulima alirutubisha shamba na kuijaza chemchemi kwa jembe moja.

Jembe hilo nalo lilifuliwa hapahapa. Mafundi wa Ufipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru marefu ya udongo yaliyofika mita tatu hivi, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Kazi hiyo ilikufa wakati wa ukoloni, majembe ya dukani yalipoingia. Matanuru hayo yalikula mkaa mwingi, hivyo tusiwafanye wahenga malaika. Hata hivyo watu waliojua kutoa chuma kwenye mawe na mboji kwenye majani hawahitaji kufundishwa kwamba ardhi ina hesabu yake.

Kilichobadilika ni hesabu yenyewe. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, serikali ilihimiza mahindi kwa mbegu na mbolea za ruzuku, na kwa bei moja nchi nzima. Rukwa, mkoa ulioanzishwa mwaka 1974 na ulio mbali na masoko makubwa, ukaingia kwenye kundi la mikoa minne mikubwa kwa mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Taifa lilishiba, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini plau la ng'ombe halipendi matuta ya duara. Linapenda mstari mrefu, na mstari ukielekea mteremko huwa mfereji. Mbolea ya mfuko ilichukua nafasi ya majani yaliyooza. Udongo ulipochoka juu, watu walishuka kutafuta unyevu bondeni, na bondeni ndiko kwenye chemchemi.

Ekari tatu za nani?

Hapa ndipo mijadala mingi ya mazingira inaponyamaza.

Chukua kamba ya mita 60. Mwenzako ashike ncha moja katikati ya chemchemi, wewe shika ncha nyingine, uzunguke. Duara utakalolichora lina ukubwa wa mita za mraba zipatazo 11,300, karibu ekari tatu. Kwa mtu wa ofisini hiyo ni alama ndogo kwenye ramani. Kwa kaya yenye ekari tano, ambayo bahati yake au mkosi wake ni kupakana na maji, ni zaidi ya nusu ya chakula cha mwaka, tena ile nusu yenye rutuba.

Sasa tuseme chemchemi hiyo inanywesha kaya 200. Zote zitafaidika duara likiachwa lipumzike. Atakayelipa ni mmoja. Tukimwendea na faini na mgambo, tumemwambia kwamba afya ya kijiji kizima ni deni lake peke yake. Atang'oa vigingi usiku, na wengi watamwelewa. Miche iliyopandwa kwa sherehe mbele ya mgeni rasmi itaonekana imenyauka, na hakuna atakayejua nani aliikata mizizi. Kila halmashauri nchini hutakiwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Kuhesabu miche ni rahisi. Kazi ngumu ni kumpata jirani atakayeilinda.

Ninaamini, na ndilo jambo kubwa ninalotaka kulisema leo, kwamba kulinda maji Ufipa kutafanikiwa pale wanywaji wote watakapokubali kuchangia ekari tatu za mtu mmoja. Kijiji chenye ardhi ya akiba kimpe kipande kingine. Kisicho nayo kimpe haki ya kwanza ya kufuga nyuki ndani ya duara, kukata majani ya mifugo kwa zamu, au kuvuna matunda ya miti iliyopandwa pale. Mikaratusi iondolewe na yeye apewe magogo yake. Mahali pake irudi miti inayopatana na maji, kama mikuyu na mizambarau. Chombo cha watumia maji cha jamii kinachokusanya ada ya ndoo kitenge sehemu, hata iwe ndogo, kwa ajili ya chanzo, kwa sababu bomba la mserereko halina thamani kama juu kumekauka.

Mkutano chini ya mti

Haya yote yanawezekana bila kusubiri ruhusa kutoka Dodoma, kwa kuwa sheria zetu zimempa mwanakijiji nguvu kuliko anavyodhani. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake, ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, zikajadiliwa na mkutano na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Ndani yake unaweza kuandikwa mpaka wa kila chemchemi kwa jina, njia ya mifugo na mahali pa kunyweshea, marufuku ya kusuuza mabomba ya dawa, na pia fidia ya aliyeachia shamba. Mpango wa matumizi bora ya ardhi ukiyachora hayo kwenye ramani, mtendaji akihamishwa mpaka unabaki.

Kazi ya kuwafikisha watu kwenye mkutano huo ndiyo utetezi wenyewe wa mazingira. Haina kamera. Hufanywa na kamati za mazingira za vijiji, walimu wa shule za msingi, viongozi wa dini wanaotangaza baada ya ibada, na vyama vya kiraia vilivyozaliwa hukuhuku, kama Jumuiya ya Uhifadhi wa Mazingira ya Kaengesa, KAESO, iliyobeba jina la kata moja ya Sumbawanga. Na hufanywa zaidi na wanawake, ingawa mara nyingi hukaa nyuma mkutanoni. Anayejua chemchemi ipi imepungua tangu mwaka jana, kwa kipimo cha muda wa kujaza ndoo, ni yule anayeamka alfajiri. Kamati ya maji isiyompa nafasi ya kusema imejinyima mtaalamu wake mkuu.

Mambo makubwa kuliko chemchemi nayo yanapita katika mkutano huohuo. Wakazi wanaopakana na shamba la Malonje, lililokuwa la serikali kabla ya kwenda kwa mwekezaji, wamekaa katika mgogoro wa ardhi kwa zaidi ya miaka kumi, na wanajua gharama ya mipaka isiyoeleweka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu kauli ya kukubali au kukataa ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ihamishwe kuwa ardhi ya jumla. Ikizidi hapo uamuzi ni wa waziri, baada ya kupata mapendekezo ya kijiji. Chini bondeni, tangu watafiti wa Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walipotangaza mwaka 2016 kuwapo kwa gesi nyingi ya heliamu katika bonde la Rukwa, macho ya dunia yamegeukia ardhi hii. Uchimbaji unaweza kuleta kheri. Lakini tathmini ya athari kwa mazingira hutaka wananchi washirikishwe, na ushiriki wa maana huwezekana kwa kijiji kilichozoea kukaa, kusoma mihtasari na kuuliza. Mazoezi hayo huanzia kwenye chemchemi.

Wengine walishinda

Anayedhani watu wa kawaida hawawezi na akumbuke Tabata. Mwaka 1988 wakazi wa kitongoji hicho cha Dar es Salaam walilishitaki jiji kwa dampo lililokuwa likifuka moshi juu ya nyumba zao. Mahakama Kuu ikawapa haki, kwa msingi kwamba haki ya kuishi iliyo kwenye Katiba haiwezi kukaa pamoja na hewa inayoua. Jiji lilipohamishia taka Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walikwenda mahakamani, na mwaka 1991 wakashinda. Leo vifungu vya 4 na 5 vya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira vinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na haki ya kuidai.

Kenya, katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, Phyllis Omido aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu aligundua kwamba mwanawe ana sumu ya risasi mwilini. Aliwakusanya majirani. Alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, lakini fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya waliyopewa wakazi mwaka 2020 ilipingwa, na ikabidi wasubiri hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipoirejesha. Na hapa kwetu, Edward Loure wa Simanjiro alitunukiwa tuzo hiyohiyo mwaka 2016 kwa kuzisaidia jamii za wafugaji na Wahadzabe kupata hati za kimila za pamoja kwa zaidi ya ekari 200,000.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeshinda peke yake. Tabata walishitaki pamoja, Owino Uhuru walidai pamoja, na hati za Loure ni za jamii nzima.

Kamba

Turudi kwenye kile kibonde cha alfajiri, tubebe kamba yetu ya mita 60. Mtu mmoja hawezi kupima kwa kamba hiyo. Wa kwanza lazima asimame majini na wa pili asimame shambani. Siku ya kupima, desturi yetu imekuwa kumweka ofisa upande mmoja na mwanamgambo upande wa pili, huku mwenye shamba akitazama kwa mbali, mikono nyuma.

Mpeni yeye ncha ya pili ashike. Ile ya kwanza ashike mama mwenye ndoo. Wakiwa wameivuta mpaka ikanyooka, kila mmoja ataiona sura ya mwenzake, na kijiji kitakuwa kimesimama pembeni kikihesabu kwa pamoja kile ambacho mmoja anaachia na kile ambacho wote watamrudishia. Kigingi kitakachopigwa hapo hakitahitaji mlinzi wa usiku.